Nyungu Iliyorudi Kisarawe

Wakati tunachoma mkaa kwenye vilima vya Kisarawe, mimi na mtani wangu, tulikuwa na koleo moja la watu wawili. Kwa hiyo mmoja akiwa anafukia tanuri, mwenzake alikuwa hana kazi ila kutukana. Naye alijua kutukana. Kwao na kwetu ni watani tangu mababu, na mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, hata msibani. Siku tunamzika marehemu baba yangu, watu wote wameinama, yeye akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akasema, "Hapa pananitosha mimi. Mzee wenu mtafutieni kwingine, na pilau mniletee humuhumu." Ilibidi apewe jogoo ndipo atoke. Mama yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainua uso, nilipomsimulia alicheka akashika mbavu, kisha ndiyo akaanza kulia vizuri. Mpaka leo naona yule jogoo hakupotea bure.

Lakini nilikuwa nasema mkaa. Unapanga magogo, unayafunika kwa majani, juu ya majani unaweka udongo, unaacha matundu madogo ya kupumulia, unawasha. Baada ya hapo kazi yote ni kulinda pumzi. Tanuri likipumua sana linakula magogo yako, siku ya kufungua unakuta majivu. Likikosa pumzi linazimika, unakuta kuni zimebabuka maganda tu. Wengine walikuwa wanaangalia rangi ya moshi. Mtani wangu alikuwa anaweka kiganja juu ya udongo, anafumba macho, halafu anasema, "Hapa linavuja." Tukiinama kuangalia, kweli, kuna ufa mwembamba kama unywele. Mimi nikiweka changu naungua, basi. Akawa ananiambia, "Wewe mkono wako ni wa kulia wali. Uachie wenye mikono."

Mvua moja ya masika ilitupiga porini mpaka kifua changu kikaziba. Nilikuwa napumua kama tanuri lililozimika. Mtani wangu akachuma majani ya mlimao, mpera, mwarobaini na mchaichai, akayatia kwenye chungu kikubwa, akakichemsha, akaniketisha mbele yake na kunifunika blanketi zito. Hiyo ndiyo nyungu. Chungu chenyewe tunakiita nyungu na tiba yake nyungu. Unakaa humo gizani na mvuke, unatoka jasho mpaka unahisi nyama zinakuacha. Kila nikitaka kuchomoka, alikuwa ananikandamiza blanketi kutoka nje na kusema, "Kaa humo, mbuzi wewe, hujaiva." Kesho yake nilipumua. Tangu siku hiyo nikawa naamini kile kiganja kuliko ninavyoamini mambo mengi.

Baadaye watu wa misitu walivifunga vilima, na mkaa ukawa kazi ya kukimbizana. Mimi nikaacha. Nikahamia kwa wakwe zangu huku Janga, Kibaha, kulima mpunga bondeni. Yeye akabaki Kisarawe, akaacha tanuri la magogo akashika la watu: akawa bingwa wa nyungu. Wanaoumwa mafua, viungo, walioganda migongo, wote kwake. Na kila baada ya muda alikuwa anakuja kututembelea, chungu chake kimefungwa kwenye shuka, amekibeba begani. Hapigi hodi. Anasimama uani na kupaza sauti:

"Hujafa tu? Nimekuja na njaa ya pilau ya matanga!"

Nami namjibu, "Nakungoja utangulie ukanifagilie."

"Kule wewe hufagiliwi. Kule wewe ni kuni."

Ndiyo salamu yetu hiyo. Mke wangu alikuwa anasema wazee wengine wanaamkiana, nyinyi mnazikana.

Sasa binti yangu. Ni mtoto wetu wa mwisho, aliolewa Magindu kwa wafugaji, ndoa ikaisha, akarudi nyumbani. Kwa nini iliisha siyo habari ya hapa, ingawa mwanamume yule alikuwa na mdomo mchafu na ng'ombe wasafi. Alipofika, ukoo wa mama yake ulimpa kipande cha shamba bondeni, maana lile bonde ni la ukoo wa mke wangu, na kila binti wa ukoo ana haki ya kipande. Lakini haki hiyo ina sharti moja: ulime. Shamba likilala msimu likaota magugu, wajomba hawaiti kikao. Wanampa mwingine. Binti yangu alikilima kile kipande kama mtu anayejenga nyumba. Mpunga katikati, bamia pembeni, kingo za majaruba, vile vitalu vya mpunga vya kushikia maji, zimenyooka. Alikuwa anasema, "Baba, nyumba ya mume nimetolewa. Hapa anitoe nani?"

Jicho ndilo lilianza. Siku moja akasema anaona kupitia chandarua. Likakaa hivyo wiki kadhaa, halafu likafunguka lenyewe, tukasahau. Kisha miguu. Akasema nyayo zina ganzi, kama amevaa soksi za mchanga. Kisha uchovu. Hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa sababu jicho watu wanalihurumia, mguu watu wanauhurumia, lakini uchovu hakuna anayeuhurumia. Mwenye afya yake, kashiba, kalala usiku kucha, anaamka anasema amechoka! Majirani wakasema mwali amerudi kutoka Magindu na uvivu wa kukamua maziwa. Shangazi mmoja akasema anajidekeza. Mimi sikusema, ila nilifikiri.

Joto la kabla ya masika, wakati wa kutayarisha majaruba, akaanguka shambani mchana. Alikuwa amekusudia kumaliza kona moja kabla ya kula. Tulimkuta ameketi kwenye tope, jembe lipo mkononi, anauangalia mguu wake kama wa mtu mwingine. Akasema, "Mama, hauniitikii."

Mke wangu aliushika ule mguu. Ganzi, na kwa mbali ubaridi. Akasema neno moja, na neno hilo ndilo lililotupoteza. Alisema, "Ni baridi."

Kwetu sisi mtu akiumwa viungo, ni baridi. Mgongo ukikaza, baridi imeingia kwenye mifupa. Mguu ukifa ganzi, baridi. Tunasema neno hilo bila hata kujiuliza imetoka wapi, kwenye jua linalokausha kisima. Na ukishasema baridi, huna haja ya kutafuta dawa. Dawa imo ndani ya neno lenyewe. Mtu ana baridi, mtie joto. Tukamwita mtani wangu.

Alikuja siku ileile tuliyotuma salamu. Akasimama uani. "Hujafa tu? Basi mtoto anakufia kwa kuogopa sura yako." Binti yangu alimpenda sana, alikuwa anamwita baba mkubwa, akacheka huku amelala. Mtani wangu akaweka kiganja kwenye unyayo wake, akafumba macho kama zamani kule vilimani. Akasema, "Imeingia ndani kweli. Lakini itatoka."

Tulimketisha kwenye kigoda, chungu mbele, blanketi juu. Mtani wangu nje anaimba na kutukana, "Kaa humo, mwali, humu wameingia wanaume na mabwana forodha wakatoka wamelainika." Kwanza alikuwa anamjibu. Baada ya muda hakujibu. Halafu tukasikia sauti ndogo, "Sioni."

"Gizani humo unataka kuona nini?" mtani wangu akasema.

"Baba, sioni. Na miguu haipo."

Mimi ndiye niliyelivuta blanketi. Alikuwa amefungua macho na yanatazama pasipo na kitu. Tulipomwinua, miguu ilikunjika kama kanga. Mke wangu akapiga yowe. Mtani wangu akasema, kwa utulivu kabisa, "Msiogope. Ugonjwa unatoka. Baridi ikitolewa inapigana." Na mimi nikamwamini, kwa sababu kifua changu nacho kiliniuma kwanza kabla ya kufunguka.

Binti akaomba apelekwe bafuni. Bafu letu ni la makuti, chini pamesakafiwa. Akajilaza palepale kwenye sakafu yenye unyevu, akamwambia mama yake ammwagie maji ya mtungini. Mke wangu hakutaka, maana nani anamwagia maji baridi mtu aliyetoka kwenye nyungu? Tuliambiwa tangu utotoni utapooza. Mtoto akasisitiza, mama akamwaga huku analia. Basi akalala pale, anamwagiwa kidogo kidogo, na kabla ya swala ya alasiri akasema anauona mlango. Jua lilipolegea akasimama, akatembea mwenyewe mpaka kitandani.

Mtani wangu akapokea kuku wake, akanitukana, akaenda zake Kisarawe akiwa ameshinda. Ndivyo sote tulivyoona: nyungu imefanya kazi.

Sote isipokuwa mwenyewe. Kesho yake akanikuta nanoa panga, akakaa karibu. "Baba, nikuulize. Nyungu ndiyo iliyonitoa, au maji ndiyo yaliyonitoa kwenye nyungu?"

Nikamwambia asimseme vibaya baba yake mkubwa.

"Simsemi. Nauliza." Kisha akaniambia kitu ambacho alikuwa amekichunguza kimyakimya. Kwamba anapokaa jikoni na moto, jicho linarudi kwenye chandarua. Akioga maji ya moto, mguu unakwenda. Akikaa kivulini na upepo, vinarudi. "Miguu yangu inakwenda na kurudi, baba, na njia yake ni joto."

Tukaenda hospitali. Ya wilaya ikatuelekeza kwenye kubwa Dar es Salaam, kule wakamwingiza kwenye mashine kama pipa lililolazwa, wakampiga picha za kichwa na mgongo. Daktari aliyetupa majibu alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu. Akaniamkia shikamoo kwanza ndipo akakaa, na mimi mtu akiniamkia namsikiliza.

Jina la ugonjwa ni refu. Mimi nililishika mkia tu: sklerosisi. Daktari akasema mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka kichwani kwenda mguuni, ina ganda lake, na mwili wenyewe umeanza kulila ganda hilo mahali mahali, kama askari aliyesahau amewekwa kumlinda nani. Alikuwa anaeleza vizuri lakini mimi macho yalikuwa yameanza kunielea. Binti yangu ndiye aliyedaka. Akasema, "Kama mfereji uliobomoka kingo. Maji yametoka mtoni mengi, lakini jarubani hayafiki."

Daktari akasema, "Hivyo hivyo. Na mwili ukipata joto, hata yale machache yanazidi kuvuja. Ukipoa, yanafika tena. Joto lenyewe haliongezi ubomokaji, dada. Usiogope ukaona kila likikupata umeharibika zaidi. Ila linakuangusha, na ukianguka vibaya unaumia." Akamuuliza, "Na uchovu je, upo?"

Mke wangu akadakia, "Daktari, na nani asiyechoka?"

"Mama, ngoja nimsikie yeye. Uchovu wako ukoje?"

Binti yangu akafikiri. Akasema, "Naamka nimechoka, kama mtu aliyelima usingizini. Na siyo shamba langu."

Daktari akacheka, halafu hakucheka tena. Akasema uchovu huo ni ugonjwa kama ganzi ilivyo ugonjwa, hautoki kwa kukazana, na mtu akiuita uvivu anakosea. Nilimwona mke wangu anainama, anatengeneza mkunjo wa kanga ambao ulikuwa haujaharibika. Binti alipewa dawa, na kliniki anakwenda mpaka leo. Hizo dawa siziongelei kwa sababu sizijui. Mimi naongelea joto, maana joto nimekaa nalo.

Njiani kurudi, binti yangu hakulia. Nilikuwa nangoja alie ili nimtulize, nimeshaandaa na maneno. Yeye akasema, "Wajomba watasema siwezi shamba. Nitalima."

"Kwa miguu gani?" mama yake akauliza.

"Hii hii. Inayokwenda na kurudi."

Basi ikawa hivyo. Alianza kuligawa jua kama watu wanavyogawa maji ya mfereji. Akishaswali alfajiri, yuko bondeni kabla ndege hawajaanza kelele. Jua likigusa vichwa vya minazi ya ng'ambo, ameshaacha. Haijalishi kona imebaki hatua ngapi. Hilo ndilo lililomgharimu kujifunza, kwa sababu mkulima yeyote anajua ile kona iliyobaki inavyokuita. Mara mbili aliifuata, mara mbili tulimbeba. Baada ya hapo akawa anaisemesha, mimi nimemsikia, "Utanikuta kesho."

Katikati ya shamba kulikuwa na dungu langu, kile kichanja cha miti cha kukaa kulinda mpunga usiliwe na ndege. Akaniomba nilizidishie makuti mazito juu, na niliteremshe, asihangaike kupanda. Chini yake akaweka mtungi. Anakuwa na kanga mbili: moja imeloweshwa ipo shingoni, nyingine inaloweka mtungini, ya kwanza ikipata joto anabadilisha. Majirani wakipita, "Leo mvua imekunyeshea peke yako?" Yeye anawajibu, "Nimeiomba mwenyewe, na wewe omba yako." Mikono na nyayo anaziingiza kwenye ndoo, anakaa, anaangalia majaruba yake kama bwana shamba.

Kuna jambo lilimuudhi mama yake kuliko yote. Daktari alimfundisha kupumzika kabla hajachoka. Siyo baada, kabla. Mke wangu, mwanamke wa bonde hili, aliyelima na mimba na kuzaa na kurudi kulima, amtazame mtu analima mistari miwili akiwa bado na nguvu zake, kisha anaweka jembe chini na kwenda kulala dunguni!

"Unapumzika nini na hujafanya kitu?"

"Napumzikia nitakachofanya, mama."

"Haya mapya. Mtu analipwa kabla ya kazi."

Lakini jioni tukihesabu, kazi ipo. Siyo kama ya mtu mzima wa miguu yote, ipo lakini.

Na salamu. Huku kwetu ukikutana na mtu njiani unamuuliza habari za kwake, za watoto, za mgonjwa wake, za kuku, naye anakurudishia zote, mmesimama juani. Binti yangu akaona salamu tatu zinammaliza kuliko kulima. Akaanza kuketi. Mzee akija, anaketi kwanza chini kivulini ndipo anasema shikamoo. Wengine wakasema amekosa adabu. Mimi nikawaambia kuketi chini mbele ya mkubwa kumekosa adabu tangu lini, hata mabibi zetu walikuwa wanapiga magoti? Sasa wengine wamemzoea, wanamsogelea wao.

Jikoni aliacha kuivisha, anamenya na kuosha akiwa kivulini, mama yake ndiye anakaa na moto. Maji ya moto ya kuoga aliyaacha hata wakati wa baridi ya mwezi wa saba. Ramadhani ilipofika alikwenda kwa shehe mwenyewe, akaambiwa mgonjwa amesamehewa, alishe maskini. Siku ya kwanza ya mfungo aliketi peke yake na uji wake, akaunywa ameupa ukuta mgongo, hakumaliza. Siku ya pili alimaliza. Malaria ilipompata, ile homa ilimchukua mikono na miguu na hata ulimi, na hapo tulijua la kufanya: tulimpoza kwa kanga mbichi na kumkimbiza zahanati, maana daktari alituambia homa kwake ni jua lililoingia ndani.

Kila ikimwangusha, alikuwa anasema neno lilelile. Amelala chini, nguvu za miguu zimekatika, mama yake anahangaika, yeye anasema, "Zimekwenda, zitarudi." Kama mtu anayesemea mbuzi. Na zilikuwa zinarudi. Siyo siku zote zilirudi zote, nisikudanganye. Mguu wa kushoto umebaki unaburuza kidogo na anatembelea fimbo niliyomchongea. Lakini zilikuwa zinarudi.

Mwaka uliofuata joto la kabla ya masika lilikuja na hasira. Hata alfajiri hewa ilikuwa kama imetoka mdomoni mwa mtu. Mjomba mmoja alikuwa ameanza kupita kando ya shamba jioni, hasemi kitu, anapima kwa macho. Palikuwa pamebaki jaruba moja la mwisho kulimwa kabla ya mvua. Binti yangu akawa analima kidogo mno, analala sana. Mke wangu akakata tamaa, na akafanya jambo la mama: bila kuniambia, akatuma salamu Kisarawe.

Nikasikia uani, "Hujafa tu? Mwaka huu nimekuja na sahani yangu!"

Nilifurahi, kwa kweli. Kisha nikaona begani mwake ile shuka imefungwa, na mkono mwingine umeshika fungu la majani mabichi.

Tulikaa. Tukatukanana. Akaniuliza meno niliyobakiwa nayo nayatunzia nani. Mke wangu akaleta maji, haniangalii. Mtani wangu akaanza kupanga mafiga, na huku anaongea, "Shemeji kaniambia baridi imerudi. Nilijua. Ile mara ya kwanza tulimtoa mapema, huyu mpumbavu alivuta blanketi. Leo wewe unakwenda kukaa kwa jirani."

Nikamwambia aliyosema daktari. Nikamwelezea mfereji, joto, maji. Aliniacha nimalize, halafu akacheka. "Yule daktari ulimkuta Kisarawe tukichoma mkaa?"

"Mtani, mtoto wangu joto linamwangusha."

"Kiganja hiki kilikuambia baridi."

"Kiganja hicho kilinitoa mimi kifua, na sijasahau. Kwa mafua nitakaa kwenye nyungu yako hata leo. Kwa huyu, hapana."

Binti yangu alikuwa anatoka bondeni, fimbo mkononi, kanga inamchuruzika shingoni. Aliona mafiga, akaona majani. Akaketi chini kivulini, mbele ya baba yake mkubwa, akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikutoe hiyo baridi."

"Baba, sina baridi." Alisema taratibu, bila hasira. "Laiti ningekuwa nayo. Ninaitafuta kutwa kwa mtungi na kanga. Nimebakiza jaruba moja, nikiingia humo leo kesho sitalima, na kesho kutwa sitalima, na wajomba wanahesabu. Nakuheshimu, ila nyungu sitaingia."

Mke wangu akaanza, "Mwanangu, baba yako mkubwa ametoka mbali..." Binti akageuza uso kwa mama yake na kumshika mkono, akauweka kwenye ile kanga mbichi, akauacha hapo.

Mtani wangu akanitazama mimi. Alikuwa anangoja nimtukane, ili yote yageuke utani, akae, ale, tuendelee. Na mimi nilitafuta tusi. Kwa miaka yote ile sikuwahi kulikosa. Lakini niliona nikitania, majani yatabaki pale na mafiga yatabaki pale, na kabla ya jioni mtu atawasha moto.

Nikasema, "Chukua chungu chako, mwenzangu."

Sikusema mtani. Nilisikia mwenyewe baada ya kulitamka.

Lile jaruba binti yangu alilimaliza, nitangulie kusema hapa nisije nikasahau. Alilima alfajiri vipande vidogo, anapumzika kabla ya kuchoka, mvua ya kwanza ikamkuta kwenye mstari wa mwisho na akakaa palepale ikamlowesha, anacheka. Mpunga alivuna mwenyewe, na mjomba yule amehamishia macho yake kwingine.

Lakini siku ile mtani wangu alilirudisha jiwe moja la mafiga mahali alipolitoa, karibu na ukuta. Akakifunga chungu kwenye shuka, fundo zuri, hana haraka. Yale majani aliyaacha. Akakibeba begani. Nikangoja anizike, aniambie mimi ni kuni, aniulize nitakufa lini. Akanyoosha mkono wake, kile kiganja, tukapeana kama watu waliokutana mnadani.

"Asalaam aleikum, mzee," akasema. "Mungu amponye mtoto."

"Waaleikum salaam," nikasema.

Akapita katikati ya mihogo, akashika njia ya kwenda barabarani, chungu kinamgonga mgongoni taratibu, hakugeuka. Nilisimama nikamtazama mpaka mihogo ikamfunika, nikijiambia yamekwenda haya, yatarudi. Hakurudi.